Kiwanja Kisicho na Honi

Watu wa Kibaoni walimzoea Kelestini kwa tabia moja iliyowachekesha. Mara kwa mara alikuja na pikipiki yake taratibu kutoka upande wa Idete, mchana kweupe, barabarani hakuna gari, hakuna ng'ombe, hata kuku hakuna, na ghafla alipunguza mwendo, akateremsha mguu mmoja, akasimama. Alikaa hapo dakika mbili tatu, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha akaondoka. Watani walisema anapisha ng'ombe wa Wasukuma wasioonekana. Wenye heshima zao walisema anasali. Wote walikosea. Kelestini alikuwa akisubiri pikipiki iliyokuwa mbele yake iende zake.

Pikipiki hiyo hakuwahi kuiona. Aliisikia tu: injini ndogo iliyoachwa kwenye gia ya pili muda mrefu mno, inalia kuomba ya tatu na haipewi. Sauti ilitoka mbele, nyuma ya kona au ng'ambo ya mashamba ya mpunga, wala haikukaribia, wala haikwenda mbali. Kama angeongeza mwendo huenda angeifikia, na hilo ndilo lililomfanya asimame. Mwendeshaji mwenye tabia ya kusahau gia ya tatu alimjua vizuri. Alimfundisha yeye mwenyewe, na alikuwa amekwisha kumzika.

Kelestini alizaliwa upande wa Mahenge, akashuka bondeni akiwa kijana mwenye spana mbili na maneno mengi, na baada ya kuhangaika gereji hadi gereji akaajiriwa na mradi mmoja wa afya na kilimo pale Ifakara, awe fundi na mwalimu wa pikipiki. Mradi ulikuwa na pikipiki kama ishirini zilizotawanyika bonde zima: mabwana shamba wa Chita, wapeleka chanjo wa Malinyi, wakaguzi wa visima wa Mlimba ambao walikuja kwa treni, pikipiki zao zimelazwa kwenye behewa la mizigo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati wa kiangazi, wote waliitwa Ifakara. Asubuhi walibadilisha oili na kukaza minyororo. Baada ya hapo waliingia kiwanjani kufanya mazoezi, wazoefu na wanafunzi. Kiwanja chenyewe kilikuwa ua wa kiwanda cha mbao kilichokufa zamani, ardhi nyekundu iliyoshindiliwa na uzito wa magogo, na katikati palipangwa mapipa ambayo watu waliyazunguka, mapipa yakiwa mkono wa kushoto.

Kwa wazoefu siku hiyo ilikuwa sikukuu. Mtu aliyeshinda mwezi mzima akisukuma pikipiki kwenye tope la kufika magotini, sanduku la chanjo mgongoni, ukimwonyesha ardhi ngumu na tambarare anarudi utotoni hapo hapo. Watu wazima wenye wajukuu walilaza pikipiki kwenye kona hadi goti linakaribia kugusa vumbi. Ndiyo maana Kelestini aliweka utaratibu: wanafunzi saa ya kwanza, peke yao, wazoefu baadaye. Utaratibu ulikuwa mzuri. Aliyeuvunja ni yeye mwenyewe.

Ilikuwa Septemba ya mwaka 1993. Wa Mlimba walikuwa wanawahi treni, wa Malinyi walikuwa wanawahi pantoni, na wanafunzi walikuwa bado wanajikokota kiwanjani. Manung'uniko yakazidi. Kelestini akasema haya basi, ingieni wote, wanafunzi waende polepole na kila mtu awe na macho. Pikipiki kumi na tano zikaingia kwa pamoja.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Restituta, muuguzi msaidizi wa miaka ishirini na minne, binti wa Scolastica wa Kibaoni. Alikuwa na mwezi wa tatu wa mafunzo, na baada ya hapo angekabidhiwa njia ya chanjo ya Idete. Aliendesha katikati ya njia, gia ya pili, mgongo umenyooka kama aliyekaa kwenye benchi la kanisani. Mbele yake alikuwa Donati, katekista wa Malinyi aliyesambaza dawa za mradi, ambaye kwa miaka miwili hapakuwa na mtu aliyewahi kumpita. Kelestini alitaka kumpita Donati. Hapakuwa na sababu nyingine, na hiyo nayo ni aibu kuitaja: mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, mwalimu, anamfukuza katekista. Kwenye kona akaona uwazi upande wa kushoto, kati ya Restituta na mapipa. Ili asimshtue, akapiga honi mara mbili.

Sasa, Ifakara anayepigiwa honi huenda kushoto. Mwenye baiskeli na magunia yake ya mpunga, mama na ndoo yake, mtoto wa shule, wote wakisikia lori nyuma wanateremka kushoto bila kugeuka. Restituta alisikia honi, akafanya alichokifanya tangu alipoanza kutembea. Akaenda kushoto, akaingia mbele ya gurudumu la mwalimu wake.

Kwa kelele za injini zile zote, hakuna mwingine aliyesikia honi. Walioulizwa walisema walimwona binti akikata kushoto ghafla, kama aliyepotewa na akili. Kelestini naye aliulizwa akiwa kitandani, bega limevunjika, na mtu wa mradi amekaa pembeni na karatasi zake. Akasema, "Alinikatia njia." Maneno mawili, na yote mawili ya kweli. Angeweza kuyaapia popote, na kwa sababu hiyo hasa yalimtafuna.

Siku ya mazishi Scolastica alimshika mkono uliokuwa mzima. "Pole, Mwalimu," alimwambia. "Nawe umeumia." Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na Restituta alikuwa ndiye mtoto wake wa pekee. Kelestini alitaka kusema papo hapo. Akaona si mahali pake. Akasubiri arobaini ipite, arobaini ikapita. Kila tarehe mbili ya Novemba, Wakatoliki wanapokwenda kusafisha makaburi ya marehemu wao, naye alikwenda, akainama ng'ambo ya msalaba akang'oa majani, na upande wa pili mama alikuwa akilia polepole, "Nisamehe, mwanangu, nisamehe." Kelestini aliyachukua maneno hayo kuwa ni kilio cha mama kama vilio vingine. Alijisemea kwamba akimaliza kung'oa fungu hili la majani atasema. Halafu Scolastica alifuta uso, akamfungia wali kwenye jani la mgomba apeleke nyumbani, akamshukuru kwa kumkumbuka mwanafunzi wake. Wali ule Kelestini hakuweza kuumeza hata mara moja. Aliwamwagia kuku wa jirani.

Kiwanja kilifungwa, majani yakaota kati ya mapipa, lakini jina la Restituta lilibaki njiani. Bonde zima, mwanafunzi wa pikipiki akiyumba, wazoefu walimpigia kelele: "We, usituletee Urestituta!" Walisema kwa utani, wengi wao bila kumjua marehemu. Kelestini alisikia, akainamia spana zake.

Halafu zikaja mvua za Elinino. Kufika katikati ya mwaka 1998 barabara zilikuwa zimeliwa, madaraja yamekwenda na maji, na waendeshaji wa mradi walikuwa wakianguka kila wiki. Mratibu mpya, Bi Wilhelmina, mama mnene asiyependa maneno mengi, akaamuru kiwanja kifunguliwe na Kelestini akisimamie. Alikataa. Aliitwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akakubali kwa sharti kwamba utaratibu ataupanga yeye, na asiwepo katekista wala bwana shamba wa kubishana naye.

Na kweli aliupanga. Wanafunzi sita walifungwa vitambaa vyeupe mgongoni. Wazoefu waliruhusiwa kuingia watatu watatu. Kupitana kwenye kona marufuku, kupita upande wa mapipa marufuku. Aliyeko mbele hana kazi na aliyeko nyuma: asigeuke, asipishe, asiharakishe, ashike mstari wake tu. Aliyeko nyuma ndiye mwenye kubeba maisha ya wote wawili, na asipoona nafasi ya kupita kwa usalama, abaki huko huko nyuma hata mpaka jioni. Mwisho, Kelestini akazunguka na koleo, pikipiki moja baada ya nyingine, akachomoa waya wa honi.

"Mwalimu, ukimaliza honi utatung'oa na meno," Donati alisema, na watu wakacheka. Katekista alikuwa amezeeka kidogo, ndevu zimeingia mvi, ila mwendo ulikuwa ule ule.

"Meno kaa nayo, Mzee. Honi nipe," Kelestini akajibu, na hakucheka.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili nao vizuri. Kelestini alisimama kwenye pipa la kona na kitambaa chekundu mkononi. Mbele yake alipita Dorika, binti wa Lupiro mwenye miaka ishirini na miwili, mwanafunzi mwangalifu kuliko wote. Nyuma yake, kwa mbali, alikuwa Donati. Donati hakufanya kosa lolote. Alikaa nyuma kona nzima, akangoja njia inyooke, akaanza kujitayarisha kupita kulia kama alivyoagizwa. Dorika akasikia injini inakaribia. Akafunga breki, akateremsha mguu, akasimama pale pale njiani na kuinamisha kichwa, kama msichana anavyosimama kwenye kijia cha shambani mtu mzima apite.

Donati alikata kulia kwa nguvu zake zote. Akamkosa. Alianguka na pikipiki yake ikamburuta kwenye vumbi, na alipoinuka kiwiko kilikuwa hakina ngozi. Kelestini alipunga kitambaa kama mwenye kichaa hadi injini ya mwisho ilipozimwa.

"Umesimama kwa nini, mwanangu?" alimwuliza Dorika, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

"Nimemsikia Mzee anakuja. Nikasimama apite."

"Sikukwambia usimpishe mtu?"

"Uliniambia, Mwalimu. Lakini ni mkubwa." Machozi yakaanza kumtoka. "Nimeona si adabu kumzibia."

Donati alikuja akichechemea, hasira zimempanda. "Tumeshazika mmoja kwa mambo haya haya! Watu wasioweza kushika mstari wanapewa pikipiki za nini? Huyu ni Restituta wa pili, nawaambieni. Restituta mtupu!"

Wanafunzi wengine wakainamisha vichwa. Bi Wilhelmina alifungua daftari lake. "Mwalimu, sitaki maiti hapa. Kama hawezi, nimwondoe leo, atafutiwe kazi ya ofisini. Sema niandike."

Pikipiki zote zilikuwa zimezimwa. Kelestini alizihesabu kwa macho, moja moja, kwa kuwa nyuma ya mapipa, karibu kuliko ilivyopata kuwa siku yoyote, alisikia injini ya gia ya pili ikilia. Aliwatazama wenzake. Hakuna aliyegeuza kichwa. Akahisi kwamba akinyamaza leo, sauti ile haitakaa tena mbele yake barabarani, itaingia nyumbani kwake na kuketi.

"Usiandike," alisema. "Restituta hakukosea. Nilimpigia honi."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aeleze yote: uwazi wa kushoto, honi mbili, na binti aliyepisha kama alivyofunzwa na dunia nzima. Donati alikaa chini kwenye vumbi, kiwiko kinavuja.

"Mimi sikusikia honi," alisema.

"Usingeisikia. Ulikuwa mbele. Nilikuwa nakufukuza wewe."

"Miaka mitano, Kelestini," katekista alisema taratibu, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Miaka mitano natumia jina la yule mtoto kutishia watu, nawe unanitazama tu."

Bi Wilhelmina alifunga daftari. Alisema hili litakwenda kwa wakubwa wake na yeye hawezi kulizuia. Kelestini alijibu kwamba alitegemea hivyo, lakini kabla ya wakubwa yuko mtu mmoja wa kuambiwa, na habari za Ifakara zina miguu. Aliomba injini yoyote isiwashwe mpaka atakaporudi. Akaondoka.

Njia nzima hadi Kibaoni ile sauti ilimtangulia. Safari hii hakusimama. Alikwenda nayo, na haikukaribia wala haikwenda mbali.

Scolastica alikuwa uani akipepeta mchele, ungo unapanda na kushuka. Alipomwona alitabasamu. "Karibu, Mwalimu. Mbona mchana huu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, kigoda hicho hapo."

Hakukaa. Alisimama na helmeti mkononi akayasema yote bila kupunguza, akitazama chini, na alipofika kwenye honi ungo ulisimama. Alieleza hadi mwisho. Kisha akangoja laana, matusi, hata ungo wa usoni.

"Rudia hapo," Scolastica alisema. "Ulipiga honi, yeye akaenda kushoto."

"Ndiyo, mama."

"Hakuenda mwenyewe?"

"Asingeenda. Alikuwa ameshika mstari wake vizuri."

Mama aliweka ungo chini, polepole sana. "Asubuhi ile nilimfunga kitenge kiunoni hapa hapa uani," alisema. "Nikamwambia, Restituta mwanangu, huko unakokwenda kuna watu wazima na kuna mwalimu wako. Usijione na wewe una pikipiki. Wakija nyuma yako, wapishe. Uwaheshimu." Alivuta pumzi. "Nilipoambiwa alikukatia njia, nikajua. Nilijua alikuwa anakupisha. Maneno yangu ndiyo yaliyomuua. Miaka mitano, Mwalimu, sijapokea komunyo. Padri ananiuliza nina nini, nakaa kimya. Naona haya kupokea kwa mikono ya mtu aliyemtuma mtoto wake kufa."

Yale maneno ya kaburini, nisamehe mwanangu nisamehe, yalikuwa ungamo, na yeye aliyasikiliza mwaka hadi mwaka akiwa amepiga magoti hatua mbili tu, akiwa na jibu lake mdomoni. Alikuwa akidhani anabeba mzigo wake peke yake. Kumbe nusu yake alikuwa amembebesha mama huyu.

"Nisamehe," alisema.

"Leo usiniombe hilo. Sina." Scolastica aliinuka, akashika nguzo ya jiko. Hakuwa akilia. "Umesema kuna binti mwingine huko. Aliyesimama."

"Dorika. Wa Lupiro."

"Nenda ukamwulize yeye, mama yake alimwambia nini akiondoka. Mwulize huyo na wenzake wote, halafu ndiyo uwafundishe. Mimi hukuniuliza."

Kiwanjani walikuwa wakimngoja kivulini mwa banda la kupasulia magogo, wazoefu upande mmoja, wanafunzi na vitambaa vyao vyeupe upande mwingine. Hakuna aliyewasha injini. Kiwiko cha Donati kilikuwa kimefungwa leso. Kelestini aliegesha pikipiki, akasimama mbele ya Dorika.

"Mwanangu, jana au leo, ulipokuwa unaondoka nyumbani, mama yako alikwambia nini?"

Dorika aliwatazama watu wazima kwanza, akiogopa kumponza mama yake. "Alisema nisiwe na kiburi. Alisema huko kuna wazee, wakija nyuma nisimame wapite."

Akamgeukia wa pili. Kijana alijikuna kichwa, akasema yake yalikuwa hayo hayo, isipokuwa mama aliongeza asisahau kuamkia. Wa tatu, wa nne na wa tano wakasema vile vile, kila mmoja kwa aibu, kana kwamba wamekamatwa na kosa. Wa sita hakuwa na mama. Alikuwa ameambiwa na bibi yake.

Kelestini alifungua kinywa awafundishe, kisha akalia, mbele ya wote, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.